Ulinzi wa kompyuta: king'ora bila wa kukiitikia ni hasara

KAMPUNI ya maduka ya Target ya Marekani haikuibiwa kwa sababu ya ubahili. Miezi michache kabla ya wizi wa mwaka 2013 ilikuwa imeanza kufunga mtambo wa ulinzi wa kompyuta uliogharimu Dola za Kimarekani milioni 1.6. Ilikuwa na wataalamu huko Bangalore, India, waliokaa macho saa 24 kuangalia kila kinachopita kwenye mitambo yake. Septemba mwaka huo huo ilipata cheti cha kutimiza masharti ya usalama yanayowekwa na kampuni za kadi za malipo. Kisha Novemba 30 mtambo ukapiga kelele. Bangalore wakaona, wakapeleka taarifa makao makuu Minneapolis. Minneapolis hawakufanya kitu.

Desemba 2 kelele zikarudiwa, na kimya kikawa kile kile. Wezi waliendelea kuchota namba za kadi za wateja katikati ya msimu wa manunuzi ya Krismasi, mpaka Idara ya Sheria ya Marekani ilipoiarifu kampuni Desemba 12 kwamba inaibiwa. Kwa wakati huo kadi milioni 40 zilikuwa zimekwenda, na baadaye ikajulikana kwamba taarifa za watu milioni 70, kama vile majina, anuani na simu, nazo zimechukuliwa. Faida ya robo ile ya mwaka ilishuka kwa asilimia 46 ikilinganishwa na robo kama hiyo mwaka uliotangulia. Si yote ilitokana na wizi, maana biashara ya Target kule Canada nayo ilikuwa ikila hasara, lakini mwezi Mei 2014 Mkurugenzi Mkuu, Gregg Steinhafel, aliachia ngazi. Gharama za mkasa huo zilipojumlishwa katika hesabu za miaka iliyofuata zilifika Dola milioni 292. Bima ililipa milioni 90. Zilizobaki zilitoka mfukoni mwa wenye hisa.

Wezi wenyewe waliingilia wapi? Kwa fundi wa majokofu na viyoyozi. Kampuni ndogo ya Pennsylvania iliyokuwa ikihudumia maduka ya Target ilikuwa na ruhusa ya kuingia kwenye mtandao wa Target kwa ajili ya ankara na mambo ya kazi. Maneno yake ya siri yakaibwa, na kutoka hapo wezi wakatembea hadi kwenye mashine za malipo kaunta.

Mkasa huu unastahili kukumbukwa sasa kwa sababu huduma za ulinzi wa kompyuta zinauzwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa namna ile ile Target ilivyouziwa: kama kitu cha kununua, kufunga na kusahau. Mfanyabiashara anaonyeshwa picha za rangi, anaambiwa habari za wadukuzi wa nje, anapewa bei, na akishalipa anaamini amemaliza. Hajamaliza. Pengine hajaanza.

Kinachouzwa ni nini hasa?

Ukiondoa majina makubwa makubwa, kampuni za kitaalamu za ulinzi zinauza mambo machache tu. Ya kwanza ni kupima, yaani wataalamu wanalipwa wajaribu kuvunja mitambo ya mteja kwa ruhusa yake, kisha wanaandika ripoti ya matundu waliyoyaona. Ya pili ni kulinda, ambapo kuna chumba mahali fulani chenye watu wanaopokezana zamu usiku na mchana, wakiangalia dalili mbaya katika kompyuta za wateja wengi kwa pamoja. Ya tatu ni kuja siku ya tukio, kuzima moto, kutafuta chanzo, kurejesha kazi, na mara nyingine kutoa ushahidi kwa polisi au kwa bima. Mafunzo ya wafanyakazi na ushauri wa sheria hufuatia nyuma, na ubora wake hutofautiana sana.

Katika hizo, ripoti ya kupima ndiyo inayopendwa zaidi na mabosi, kwa kuwa ina jalada na inaweza kuonyeshwa kwa benki au kwa mkaguzi. Ndiyo pia inayofaa kidogo ikisimama peke yake. Ripoti ya Machi haijui tundu lililofunguliwa Aprili. Isitoshe, ripoti nyingi za namna hii huishia kabatini, kwa sababu kuziba matundu kunahitaji fedha nyingine ambazo hazikuwekwa kwenye bajeti. Mwenye fedha za kutosha kwa jambo moja tu afikirie ulinzi wa zamu kabla ya ripoti, na kabla ya vyote viwili ahakikishe ana nakala za akiba za hesabu zake mahali ambapo mwizi wa ofisini hawezi kufika.

Ulinzi wa zamu una sababu nzito. Wezi hawa hawafanyi kazi saa za ofisi. Waliovamia Benki Kuu ya Bangladesh walituma maagizo yao ya fedha usiku wa Alhamisi, Februari 4, 2016, kwa kuwa Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko huko Dhaka. Dhaka walipozinduka, New York ambako fedha zilikuwa zimewekwa ilikuwa imeingia mapumziko ya Jumamosi na Jumapili. Jumatatu yake, Manila ambako fedha zilipelekwa ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Maagizo yalikuwa 35, ya karibu Dola milioni 951. Yaliyopita ni ya Dola milioni 101, na milioni 20 kati ya hizo, zilizokwenda Sri Lanka, zilirudi kwa sababu tu wezi walikosea herufi katika jina la mpokeaji. Milioni 81 ziliingia Manila na nyingi zikapotelea kwenye nyumba za kamari.

Polisi wa Bangladesh waliochunguza walieleza kwamba benki hiyo haikuwa na kinga ya kuchuja kinachoingia na kutoka kwenye mtandao, na kwamba iliunganisha kompyuta zake kwa vifaa vya mtumba vya Dola 10 kimoja. Benki Kuu ya nchi yenye watu zaidi ya milioni 150! Muuza duka wa Kariakoo anayenunua kifaa kipya dukani, chenye risiti na waranti, alikuwa amemzidi gavana kwa tahadhari.

Umeme uliokatika Ghana

Mfano unaowagusa waagizaji wa bidhaa kuliko mwingine wowote ni wa kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark, ambayo makontena yake hakuna asiyeyajua katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam.

Juni 27, 2017 kompyuta za Maersk zilianza kuzimika moja baada ya nyingine. Programu haribifu iliyopewa jina la NotPetya ilikuwa imetoka Ukraine, ikiwa imefichwa ndani ya marekebisho ya M.E.Doc, programu ya hesabu na kodi inayotumiwa na kampuni nyingi za nchi hiyo. Ilijidai ni ya kuteka kompyuta na kudai kikombozi, lakini hata aliyelipa hakurudishiwa kitu, maana ilitengenezwa kuharibu. Serikali za Marekani na Uingereza ziliituhumu idara ya ujasusi ya jeshi la Urusi, na mwaka 2020 Marekani ikawafungulia mashitaka maofisa sita wa idara hiyo. Maersk haikuwa imelengwa. Ilikuwa na ofisi Ukraine, na ofisi moja ilitosha.

Vituo vya makontena vya kampuni hiyo kuanzia New Jersey hadi Mumbai vilisimama. Madereva wa malori walipanga foleni nje ya mageti yasiyofunguka, kwa kuwa mtambo unaojua kontena lipi ni la nani ulikuwa umekufa. Mwenye matunda au dawa ndani ya kontena la baridi hakuwa na wa kumuuliza. Kampuni ililazimika kufunga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa muda wa siku 10, kama mwenyekiti wake, Jim Hagemann Snabe, alivyoeleza katika mkutano wa Davos Januari 2018. Hasara ilikadiriwa kuwa kati ya Dola milioni 250 na 300.

Jambo lililoiokoa halikununuliwa kwa mtu. Maersk ilikuwa na nakala za karibu data zake zote, ila kitu kimoja: seva zinazotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao. Hizo zilikuwa kama 150 duniani kote, kila moja ikiwa nakala ya mwenzake, na wahandisi waliamini kwamba haiwezekani zote zife siku moja. Zote zilikufa siku moja, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, kwa vile umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya shambulio na seva ikawa nje ya mtandao. Laini ya mawasiliano ya ofisi ya Ghana ilikuwa nyembamba mno kutuma mzigo wote wa data, na wafanyakazi wa huko hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja wao akapanda ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanja wa ndege diski yenye data hizo, naye akaipeleka Uingereza, katika mji wa Maidenhead, ambako kikosi cha uokoaji kilikuwa kimekusanyika chini ya uongozi wa wataalamu wa Deloitte.

Wasomaji wa Afrika Mashariki waliozoea mgao wa umeme watacheka, na wana haki. Lakini ndani ya kisa hicho kuna mambo mawili ya biashara. Nakala ambayo imeunganishwa na mtandao ule ule haihesabiwi kuwa ya akiba. Na Deloitte, kwa utaalamu wao wote na fedha zote walizopewa, wasingeweza kurejesha kisichokuwapo. Mtaalamu anayeitwa siku ya moto hufanya kazi kwa vifaa alivyovikuta.

La tatu ni chungu zaidi. Kwa mujibu wa yaliyochapishwa baadaye kutoka kwa wafanyakazi wa Maersk, mpango wa kuimarisha ulinzi wa kompyuta ulikuwa umeshapitishwa na kutengewa fedha kabla ya shambulio. Haukutekelezwa kwa sababu haukuwa miongoni mwa vigezo vilivyotumika kuwalipa marupurupu wakuu wa kitengo cha kompyuta. Marekebisho ya Microsoft ya kuziba tundu moja kubwa ambalo programu hiyo ilipitia yalikuwa yametolewa tangu Machi 2017, miezi mitatu kabla. Kulikuwa na fedha, dawa na ushauri. Aliyekosekana ni mtu ambaye kazi isipofanyika mfuko wake utaumia.

Hesabu ya duka la jumla

Mwenye duka atasema hayo ni ya wakubwa. Ni kweli kwamba hakuna jeshi la nchi yoyote linalohangaika na duka la vipuri la Mtaa wa Msimbazi. Lakini mwizi wa duka hilo yupo, na njia yake ni nyepesi zaidi.

Idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, hutoa kila mwaka hesabu ya malalamiko ya wizi wa mtandaoni inayopokea. Mwaka 2023 hasara zilizoripotiwa kutokana na barua pepe za biashara zilizoghushiwa zilikuwa Dola bilioni 2.9. Zile za programu za kudai kikombozi, ambazo ndizo zinazojaza magazeti, zilikuwa Dola milioni 59.6 tu. Ni kweli kwamba wengi waliotekwa hawaripoti, na FBI wenyewe wanalikiri hilo, lakini tofauti ni kubwa mno kupuuzwa.

Wizi huo ni wa kawaida kabisa. Mwagizaji anawasiliana kwa miezi na kiwanda cha Guangzhou au wakala wa Dubai. Mwizi anaingia kwenye barua pepe ya mmoja wao, mara nyingi kwa neno la siri lililonaswa kwa ujumbe wa hadaa, halafu hafanyi kitu. Anasoma. Anajifunza bei, namna wanavyoitana, na siku ambayo malipo ya mwisho yanatakiwa. Siku hiyo ikifika anatuma proforma ile ile, yenye nembo ile ile, ila namba ya akaunti ni nyingine, pamoja na maelezo mafupi kwamba kiwanda kimebadilisha benki. Mwagizaji analipa kwa mkono wake mwenyewe. Benki haina kosa, kiwanda kinadai fedha zake, na mzigo hauondoki.

Hesabu yake ni hii. Mwagizaji anayepata faida ya asilimia 8 akipoteza Dola 20,000 kwa njia hiyo, itambidi auze mzigo wa Dola 250,000 ili kurudisha tu alichopoteza, bila kula wala kulipa kodi ya pango. Kwa upande mwingine, duka la jumla linalouza shilingi milioni 6 kwa siku kwa faida hiyo hiyo likifungwa siku 10 kwa sababu kompyuta ya hesabu imetekwa, linakosa faida ya shilingi milioni 4.8, ukiacha mishahara na wateja waliohamia kwa jirani. Ada ya ulinzi ipimwe kwa hesabu za namna hiyo. Muuzaji anayetaka kwa mwaka zaidi ya faida ambayo duka lingepoteza kwa kufungwa wiki mbili anamuuzia mteja hofu.

Na kinga ya ankara ya kughushi ni bei ya simu moja. Akaunti ikibadilishwa, mwagizaji ampigie muuzaji kwa namba aliyokuwa nayo zamani, asitumie iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Aweke uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe, ambao hautozwi chochote. Aache kumpa mhasibu, mke, shamba boi na fundi neno moja la siri. Kampuni ya ulinzi iliyo ya kweli itamwambia hayo katika mazungumzo ya kwanza, bila ankara, na pengine itajikosesha mauzo. Ndiyo ya kurudiwa biashara ikikua.

Kwa walio katikati, yaani wenye maduka matano, wenye maghala, wakala wa forodha, na SACCOS zenye akiba za watu kwenye kompyuta, jambo la busara ni kununua kwa pamoja. Chumba cha ulinzi kinachoangalia kompyuta 30 kinaweza kuangalia 600 bila kuongeza watu mara ishirini, na hapo ndipo ilipo nafuu ambayo mteja mmoja mmoja haioni. Vyama vya wafanyabiashara vimezoea kukodi makontena kwa kuchangia na kulipia walinzi wa soko kwa kuchangia. Hakuna sababu ya huduma hii kuwa tofauti. Kadhalika Tanzania na Kenya zina vikosi vya serikali vya kutoa tahadhari za mashambulio, TZ-CERT chini ya TCRA na KE-CIRT chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Tahadhari zao ni za bure, na ni ajabu namna zinavyosomwa na wachache.

Mlinzi naye aulizwe

Wanaouza huduma hizi hawapendi kuzungumzia upande mmoja wa biashara yao. Anayelinda kompyuta za wateja ana funguo za wateja wote. Akivamiwa yeye, wamevamiwa wote.

Julai 2, 2021, siku mbili kabla ya sikukuu ya uhuru wa Marekani, wezi walivunja programu ya kampuni ya Kaseya, inayotumiwa na kampuni nyingine kusimamia kompyuta za wateja wao kutoka mbali. Watoa huduma waliovamiwa moja kwa moja hawakufika 60. Biashara zilizoathirika nyuma yao zilifika kiasi cha 1,500. Nchini Sweden maduka ya Coop yapatayo 800, mengi yao yalifungwa kwa kuwa mashine za kaunta zilikataa kufanya kazi, na Coop wenyewe hawakuwa hata wateja wa Kaseya. Karibu na nyumbani, Oktoba 2020 huduma za kutuma fedha kati ya benki na simu zilisimamishwa kwa muda Uganda baada ya kampuni ya kati iliyounganisha mitambo ya benki na ya simu kuingiliwa.

Tena si lazima awe mwizi. Julai 19, 2024 kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike, miongoni mwa zenye jina kubwa kabisa duniani, ilituma kwa wateja wake marekebisho yenye kosa. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilizimika. Shirika la ndege la Delta lilifuta safari karibu 7,000. Hakukuwa na mdukuzi yeyote.

Hayo yote hayamaanishi mfanyabiashara asikodi walinzi. Fundi wa kompyuta wa kuitwa mara moja kwa mwezi hawezi kupambana na watu wanaolala mchana na kuiba usiku, na biashara nyingi za kati zimeshapita uwezo wa fundi huyo. Linalotakiwa ni mkataba usomwe kama unavyosomwa mkataba wa ghala. Nani anapiga simu saa nane usiku, na anampigia nani? Mlinzi ana ruhusa ya kuitoa kompyuta iliyoambukizwa kwenye mtandao bila kumngoja bosi aamke? Target ilikuwa na mtambo unaoweza kufuta programu haribifu wenyewe, na uwezo huo ukawa umezimwa, kwa kuwa kikosi cha ulinzi kilitaka uamuzi ubaki mikononi mwa watu. Funguo za mteja zinatunzwaje huko kwa mtoa huduma? Mkataba ukivunjika, anazirudisha kwa muda gani? Muuzaji anayejikanyaga katika maswali hayo aachwe aende kwa mwingine.

Suala la bima nalo lina mtego wake. Kampuni ya dawa ya Merck ya Marekani, iliyoumizwa na NotPetya siku ile ile na Maersk, ilidai fidia ya Dola bilioni 1.4. Kampuni za bima zikagoma, zikisema hicho kilikuwa kitendo cha vita. Mahakama ya rufaa ya New Jersey iliamua kwa faida ya Merck Mei 2023, na Januari 2024 pande hizo zikapatana nje ya mahakama, miaka sita na nusu baada ya tukio. Soko la bima la Lloyd's la London halikungoja. Kuanzia Machi 31, 2023 liliagiza kwamba bima za kompyuta zinazojitegemea ziwe na kifungu cha kutolipa hasara za mashambulio yanayoungwa mkono na nchi. Anayeuziwa bima ya namna hii na wakala wa hapa, ambaye kwa kawaida hukata bima ya pili nje, atafute kifungu hicho kabla ya kuweka saini.

Wenye hisa wadogo

Kwa wenye hisa, tatizo ni kwamba hasara hizi hazionekani kwenye mizania mpaka zimetokea. Ripoti ya mwaka inaonyesha majengo, magari na madeni, wala haionyeshi kama nakala za akiba zimewahi kujaribiwa. Kenya, chini ya sheria yake ya kulinda data ya mwaka 2019, inamtaka mwenye data kumwarifu Kamishna ndani ya saa 72 taarifa za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5 za nchi hiyo au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume yake. Sheria hizo ni za kumlinda mwenye taarifa. Mwenye hisa hakutajwa. Marekani kanuni iliyoanza kutumika Desemba 2023 ilizitaka kampuni zilizo sokoni kutangaza tukio kubwa la kompyuta ndani ya siku nne za kazi tangu zilipotambua uzito wake, na masoko ya Dar es Salaam na Nairobi yangefanya vema kuiga kitu kama hicho. Julai 2023, mtandao wa eCitizen wa serikali ya Kenya uliposhambuliwa na watu kushindwa kununua hata umeme kwa simu, habari zilienea mitaani kwanza, na maelezo rasmi yakafuata nyuma.

Mpaka hapo kanuni zitakapokuja, silaha ya mwenye hisa ni mkutano mkuu wa mwaka. Baada ya soda na kofia kugawiwa, mtu asimame aulize ni lini mara ya mwisho kampuni ilizima mtambo wake na kuurejesha kutoka kwenye nakala za akiba, na kazi hiyo ilichukua saa ngapi. Jibu la mwenyekiti linaloanza na jina la kampuni ya ulinzi iliyokodiwa halijajibu swali. Aulize pia kama kuna mkurugenzi ambaye bonasi yake hupungua kazi hiyo isipofanyika.

Haraka ya kujua ina thamani ya fedha, na wa ndani wanalijua hilo. Kampuni ya Equifax ya Marekani ilipotangaza Septemba 7, 2017 kwamba taarifa za mamilioni ya watu zimeibwa, idadi iliyofikia milioni 147 baadaye, hisa zake zilishuka kwa karibu theluthi moja katika muda wa wiki moja hivi, na zilichukua kama miaka miwili kurudi bei ya awali. Siku 10 kabla ya tangazo, ofisa mmoja wa juu wa kitengo cha kompyuta alikuwa ameshauza zake kwa zaidi ya Dola 900,000, akakwepa hasara ya Dola 117,000. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miezi minne mwaka 2019.